Jino Bovu na Kipato Kidogo: Matibabu ya Meno katika Milima ya Usambara

Gharama ya kutibu jino katika milima ya Usambara huanza kuhesabiwa kabla mgonjwa hajafika hospitalini. Mkazi wa Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, husafiri takriban kilomita 60 za barabara ya milimani hadi kufika mjini Lushoto, na iwapo tatizo lake litahitaji rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga, atalazimika kuteremka kilomita nyingine 33 hivi kupitia Soni hadi Mombo, ndipo aikamate barabara kuu na kuendelea na safari ambayo kutoka Lushoto peke yake inazidi kilomita 150. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, siku ya kazi iliyopotea katika shamba la kabichi au karoti, na mara nyingi nauli ya ndugu anayemsindikiza, vikijumlishwa huweza kuipita ada ya matibabu yenyewe. Kwa hiyo swali la namna mtu wa kipato kidogo anavyoweza kumudu matibabu ya meno haliwezi kujibiwa kwa kusoma bango la bei lililobandikwa ukutani. Ni lazima kuuliza pia mgonjwa atapanda gari mara ngapi, na jino lake litakuwa limefikia hatua gani siku atakapolifikisha kwa mtaalamu.

Kuoza kwa meno ni ugonjwa unaokwenda kwa hatua, na kila hatua ina bei yake. Juu ya meno ya kila mtu hujijenga ukoga, yaani utando mwembamba wenye bakteria wanaoishi kwa mabaki ya chakula, hasa sukari, ambayo huigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo hunyonya madini kutoka katika enameli, tabaka la nje la jino ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Mate huyarudisha madini hayo polepole, lakini mtu anapokula au kunywa vitu vitamu mara kwa mara mchana kutwa, mate hayapati nafasi ya kufanya kazi yake na jino huendelea kupoteza. Alama ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa, lisilo na tundu wala maumivu, ambalo huweza kuzuiwa lisiendelee kwa dawa ya meno yenye floraidi, yaani madini yanayoimarisha enameli. Doa likibomoka na kuwa tundu, uozo huingia katika dentini, tabaka laini zaidi lililo chini ya enameli, na hapo jino huanza kufa ganzi kila mgonjwa anapokunywa maji baridi. Hatua hii bado hutibiwa kwa kuziba. Uozo ukikifikia kiini, sehemu ya ndani yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kuziba kwa kawaida hakutoshi tena, na mgonjwa hubakiwa na njia mbili: kutibiwa mzizi, kazi ya kusafisha mifereji iliyo ndani ya mizizi na kuijaza, ambayo huhitaji picha ya eksirei na pengine safari zaidi ya moja, au kung'olewa. Kiini kikifa bila kutibiwa, usaha hujikusanya kwenye ncha ya mzizi, na maambukizi yanaweza kushuka chini ya taya na shingoni hadi uvimbe ukabana njia ya hewa, hali ambayo ni ya dharura na huweza kuua. Kati ya kuziba tundu dogo na kulazwa kwa jipu la taya, familia ya mlimani huvuka kutoka fedha ya gulio moja hadi fedha ya kuuza mbuzi.

Hata hivyo, mwenendo wa wengi ni kusubiri, na kusubiri huko kuna soko lake. Jino linapouma usiku, mahali pa kwanza panapokimbiliwa asubuhi ni duka la dawa muhimu, aina ya duka linaloruhusiwa kuuza dawa za msingi katika maeneo yasiyo na famasi, ambalo mpango wake ulianza kujaribiwa mkoani Ruvuma mwaka 2003. Huko mgonjwa hununua vidonge vya kutuliza maumivu na mara nyingi antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, ambazo huenda zikapunguza uvimbe lakini haziwezi kuziba tundu wala kufufua kiini. Maumivu hupoa, na kupoa huko ndiko kunakomgharimu, kwa maana humpa mgonjwa sababu ya kuahirisha safari huku uozo ukiendelea kuchimba, na fedha inayotumika dukani mara nne au tano kwa mwaka ingeweza kulipia kuzibwa kwa jino hilo lilipokuwa bado na tundu dogo. Vivyo hivyo kwa karafuu, zao linalolimwa pia Usambara Mashariki pamoja na iliki na mdalasini: mafuta yake yana yujinoli, kemikali inayotuliza maumivu na ambayo madaktari wa meno wenyewe huitumia katika baadhi ya dawa za kuzibia kwa muda, hivyo bibi anayemwekea mjukuu karafuu jinoni ana hoja, ila hoja hiyo inakwisha asubuhi. Aspirini iliyosagwa na kupakwa juu ya fizi haina hata hoja hiyo; huunguza nyama na kuacha kidonda.

Upande wa pili wa tabia ya kusubiri ni imani kwamba kung'oa ndiyo tiba ya maskini. Imani hiyo haikuzuka hewani. Kwa miongo mingi vituo vya vijijini vilikuwa na koleo na sindano ya ganzi lakini havikuwa na kitu kingine, na kung'oa kulimaliza maumivu kwa safari moja, jambo ambalo kwa jino lililokwisha kufa kiini, katika kaya isiyoweza kulipia tiba ya mzizi, bado ni uamuzi wa busara. Kasoro huja pale gego la mtoto wa miaka 12, lenye tundu la juu juu, linapong'olewa kwa sababu tu hakuna aliyefikiria njia nyingine. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto anapokuwa na umri wa miaka 6 hivi na lilitazamiwa kumtumikia maisha yote. Likitoka, meno ya jirani huinamia pengo, la juu hushuka kulifuata, upande huo wa kinywa hupungukiwa nguvu ya kutafuna, na mtu huyo akija kutaka jino bandia ukubwani atalipa mara nyingi ya kile ambacho kuziba kungemgharimu. Kung'oa ni rahisi siku ya kung'oa tu.

Jibu linalofaa zaidi kwa tatizo hili lilizaliwa Tanzania kwenyewe, na ni Watanzania wachache wanaolijua. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno iliyokuwa Muhimbili chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, na wenzake walikabiliana na ukweli kwamba keekee ya meno, yaani mashine inayotoboa na kusafisha jino kabla ya kuziba, inahitaji umeme, maji, hewa ya msukumo na fundi wa kuitengeneza, vitu ambavyo vijiji vingi havikuwa navyo. Walijaribu basi kuondoa uozo kwa vifaa vidogo vya mkono peke yake na kuziba tundu kwa saruji ya meno inayoshika bila mashine yoyote. Njia hiyo ilifanyiwa majaribio makubwa Thailand kuanzia mwaka 1991 na Zimbabwe kuanzia 1993, ikaboreshwa kwa saruji imara zaidi, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Wataalamu huiita kwa kifupi ART. Kwa Kiswahili cha kawaida ni kuziba jino kwa vifaa vya mkono.

Kazi yenyewe inaweza kufanyika juu ya meza ya darasani. Mgonjwa hulala chali, kichwa kikielekezwa kwenye mwanga wa dirisha au wa tochi, na mhudumu huketi nyuma ya kichwa chake. Pamba iliyosokotwa hupangwa kati ya shavu na fizi ili mate yasiloweshe jino. Iwapo mlango wa tundu ni mwembamba, kifaa kidogo chenye makali ya patasi huupanua kwa kuzikata kingo za enameli zilizokwisha kudhoofika. Kisha kijiko cha chuma chenye kichwa cha milimita moja au mbili hukwangua uozo laini kwa mizunguko, kuanzia pembezoni kuelekea chini, na dentini iliyo ngumu huachwa ilivyo. Kwa kuwa kinachoondolewa ni sehemu iliyokwisha kufa, mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, nafuu ambayo watoto huithamini kuliko mtu mwingine yeyote. Tundu hupanguswa kwa kimiminika chenye asidi hafifu, huoshwa, hukaushwa kwa pamba, ndipo unga na maji ya saruji iitwayo glasi-ayonoma vinapokorogwa kwenye karatasi kwa nusu dakika hivi na kujazwa ndani, mhudumu akiigandamiza saruji kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini ili ipenye hadi kwenye vijifereji vya juu ya jino. Mgonjwa huuma kidogo ili kimo kijulikane, ziada hukwanguliwa, na huagizwa asile kwa muda wa saa moja. Saruji hiyo hushikamana na jino kwa nguvu ya kikemikali na huendelea kuachia floraidi kidogo kidogo, hivyo hulinda kingo zinazoizunguka.

Uimara wake umepimwa vya kutosha. Katika meno ya kudumu yenye tundu la upande mmoja, takriban ziba 80 kati ya 100 huwa bado ziko mahali pake baada ya miaka mitano. Katika matundu makubwa yanayogusa pande mbili au tatu za jino, hasa meno ya utotoni, matokeo huwa dhaifu zaidi, na mtu mwenye tundu la namna hiyo hana budi kuelezwa hivyo mapema. Mwaka 2002 Frencken na wenzake wawili walichapisha, kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, mpango wa huduma za msingi za kinywa wenye nguzo tatu: huduma ya dharura ya kuondoa maumivu, dawa ya meno yenye floraidi inayouzwa kwa bei ambayo watu wanaimudu, na kuziba kwa vifaa vya mkono. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza glasi-ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na kimiminika cha fedha na floraidi, ambacho hupakwa juu ya uozo kwa brashi ndogo na kuusimamisha bila kukwangua chochote. Kimiminika hicho huacha weusi wa kudumu kwenye sehemu iliyooza, kwa hiyo hakitamaniwi kwa meno ya mbele ya bibi harusi, lakini kwa gego la mtoto mwoga ni tiba ya bei ndogo na ya dakika chache.

Mtu anayeingia chumba cha meno kwa mara ya kwanza hufaa aelewe nani anamhudumia. Daktari wa meno ni mhitimu wa shahada ya miaka mitano, na wengi wao hufanya kazi mijini. Tabibu wa meno ni mhitimu wa stashahada, wakiwemo wanaofundishwa katika vyuo vya Tanga na Mbeya, na ndiye anayekutwa zaidi katika vituo vya afya na hospitali za wilaya, akiwa na ujuzi wa kung'oa, kuziba na kusafisha ugaga, yaani ukoga uliogeuka kuwa mgumu. Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina huduma ya meno, ila ndiyo inayoandika rufaa. Kwa wakazi wa Usambara Magharibi milango iliyo karibu ni Hospitali ya Wilaya ya Lushoto na Hospitali ya Bumbuli ya Kanisa la Kilutheri, na kwa walio mteremkoni ni hospitali za Korogwe, ikiwemo ya Magunga. Wa Usambara Mashariki huelekea Muheza. Mpangilio huu wa serikali na makanisa una historia yake, kwa sababu sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya binafsi inayofanywa kwa faida, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi mwaka 1991, hivyo kliniki binafsi za meno ni jambo changa ambalo hadi leo hufuata barabara kuu na miji. Kabla ya kupanda gari, simu moja kwa ndugu au jirani anayeishi karibu na hospitali, ya kuuliza kama tabibu wa meno yuko kazini siku hiyo na kama saruji ya kuzibia ipo, huokoa nauli ya bure. Anayefika siku ambayo saruji imekwisha ataombwa achague kati ya koleo na kurudi nyumbani, na wengi huchagua koleo kwa uchungu wa nauli.

Kuhusu namna ya kulipa, sera ya uchangiaji gharama iliyoanza mwaka 1993 iliambatana na misamaha ambayo ingali ikisomwa katika miongozo ya afya: watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamo pia, na mtu yeyote aliyethibitika kuwa fukara anaweza kupewa msamaha kupitia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mlango huu wa mwisho hutumiwa kidogo kwa sababu huhitaji barua ya mtendaji wa kijiji au kata, na barua hiyo haipatikani jino likiwa linauma saa nane za usiku. Kaya inayojijua kuwa haina kitu, hasa ile iliyokwisha kutambuliwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, hufaidika ikiiandaa mapema. Mzazi wa mtoto wa miaka minne mwenye tundu katika gego la utotoni hana sababu ya kungoja hadi mtoto afikishe miaka mitano na kuanza kulipiwa.

Bima ni njia ya pili. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, umewahudumia zaidi waajiriwa na wategemezi wao, na huduma za meno ni sehemu ya mafao yake. Mwalimu wa Mlalo ambaye ana kadi hiyo lakini hajawahi kuitumia kumpeleka mtoto wake kuzibwa jino anakatwa fedha kwa huduma asiyoichukua. Kwa wakulima kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996 na kuboreshwa mwaka 2018, ambapo kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka nje ya Dar es Salaam na kutibiwa kwa rufaa hadi ngazi ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kumwingiza kila mwananchi katika utaratibu wa bima. Jambo la kuangalia katika kadi yoyote ni kipengele cha kinywa na meno: je, inalipia kung'oa tu au na kuziba pia, na je, inatambulika katika hospitali ya kanisa iliyo karibu au ya serikali peke yake. Maswali hayo huulizwa kabla ya kuchangia, kwa mwandikishaji.

Njia ya tatu ndiyo kongwe kuliko zote. Mwanahistoria wa Marekani Steven Feierman, aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Washambaa katika miaka ya 1960, alieleza kwamba uamuzi wa mgonjwa apelekwe wapi haukuwa wa mgonjwa mwenyewe wala wa mganga, bali wa ndugu na majirani waliokaa, wakajadiliana na wakachanga. Utaratibu huo haujafa, umebadilisha sura tu. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyojulikana kwa jina la VICOBA, wanachama hukutana kwa kawaida mara moja kwa wiki mbele ya sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Baada ya kununua hisa, kila mmoja hutupia kiasi kidogo katika mfuko wa jamii, ambao katiba ya kikundi huuelekeza kwenye kulazwa, kujifungua na msiba. Jino halimo. Mwanachama mwenye taya lililovimba huona haya kusimama mbele ya waliofiwa na kuomba fedha ya jino, ilhali kiasi anachohitaji ni sehemu ndogo ya rambirambi moja, na kama angekipata mapema asingekuja kuomba kikubwa baadaye kwa ajili ya kulazwa. Kuongeza kipengele kimoja katika katiba, kinachoruhusu mkopo mdogo usio na riba kwa ajili ya kuziba jino, ni jambo la kikao kimoja.

Kikundi kinaweza kufanya zaidi ya kukopesha. Watu 20 wa kijiji kimoja wakisafiri mmoja mmoja hadi Lushoto hulipa nauli 20 za kwenda na 20 za kurudi, lakini tabibu mmoja wa meno akipanda hadi kijijini, nauli ni moja. Huduma ya mkoba, yaani mtaalamu kuwafuata watu waliko kama inavyofanyika kwa chanjo za watoto, inaendana kikamilifu na kuziba kwa vifaa vya mkono, kwa kuwa vifaa vyote huingia katika mkoba na vinachemshika au kutakaswa kituoni. Shirika la hisani la Uingereza, Bridge2Aid, lililoanzia Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilichukua mkondo wa kufanana na huo kwa kuwafundisha matabibu wa kawaida wa vijijini kung'oa meno kwa usalama, ili mtu mwenye maumivu asilazimike kusafiri siku nzima. Uongozi wa kijiji unaotaka huduma ya mkoba ya meno huandika barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ukitaja idadi ya watu waliojiandikisha na mahali pa kufanyia kazi. Barua yenye majina 40 hujibiwa haraka kuliko malalamiko ya mtu mmoja mlangoni. Kipimo cha bure pia hutolewa sehemu mbalimbali za nchi katika wiki ya Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, tarehe 20 Machi, ingawa kwa milima ya Usambara tarehe hiyo haikuchaguliwa vizuri, maana masika huwa yanaanza na barabara za Lukozi na Rangwi zinaanza kuteleza.

Nyumbani, fedha inayolinda meno kuliko nyingine ni ile inayonunua dawa ya meno yenye floraidi. Boksi linapaswa kuandikwa kiwango cha floraidi kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni, na bei kubwa au rangi za kuvutia hazimaanishi kwamba kiwango hicho kimezidi. Dawa ya bei ya chini yenye kiwango hicho hufanya kazi ileile. Kiasi cha punje ya njegere kinamtosha mtoto mkubwa, na mtoto mdogo kiasi cha punje ya mchele, mara mbili kwa siku, moja ikiwa ni kabla ya kulala, kisha kutema bila kusukutua kwa maji mengi ili floraidi ibaki kwenye meno. Kijiti cha mti wa mswaki, unaoota katika tambarare kavu zilizo chini ya milima upande wa Mkomazi, husafisha ukoga vizuri mikononi mwa anayejua kukitumia, na kikichovywa kwenye dawa ya meno hupata kile ambacho hakina. Kuhusu sukari, kinachodhuru zaidi ni idadi ya nyakati kuliko idadi ya vijiko: chai tamu ya kikombe kimoja pamoja na chakula cha asubuhi ina madhara madogo kuliko chai hiyohiyo inayonywewa kidogo kidogo shambani hadi adhuhuri, na muwa unaotafunwa mchana kutwa huyalowesha meno katika sukari bila kupumzika.

Kuna pia nafuu za uongo, na mbili zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni ya kishoka wa meno, mtu asiyesajiliwa anayepita kwenye magulio akipachika meno bandia ya plastiki kwa kuyagandisha moja kwa moja kwenye meno ya jirani. Bei yake ni ndogo, lakini jino la namna hiyo halitoki wala halisafishiki, chakula huoza chini yake, na mwenye pengo la jino moja huishia kuwa na pengo la meno matatu. Sheria ya wanataaluma wa afya ya mwaka 2017 inakataza kazi hiyo kwa asiyesajiliwa, na jino bandia halali la akriliki, linalovuliwa usiku na kuoshwa, ndilo la bei ya chini kabisa kati ya yale yanayotengenezwa hospitalini. Ya pili ni ya kung'oa yanayoitwa meno ya plastiki au meno ya nailoni, imani kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga hutokana na meno mabaya yaliyojificha ndani ya fizi, ambayo mganga huyachimbua kwa kitu chenye ncha. Watafiti Emil Kikwilu na J. F. Hiza waliiandika desturi hiyo nchini Tanzania mwaka 1997. Kinachotolewa ni vichipukizi vya meno halisi ya mtoto, na hatari yake ni kuvuja damu, maambukizi na hata kifo, wakati ugonjwa wenyewe wa kuhara ungetibiwa bure katika zahanati kwa sababu mtoto yuko chini ya miaka mitano.

Ukosefu wa saruji ya kuzibia katika chumba cha meno, ambao humfanya mgonjwa aliyekuja kuziba arudi bila jino, si amri ya hali ya hewa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya umma vya kutolea huduma za afya hupokea fedha moja kwa moja katika akaunti zao, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, inayopitisha mpango wa mwaka unaoanza Julai. Wakazi wa Lushoto na Bumbuli wanaotaka glasi-ayonoma, vijiko vya kukwangulia na siku moja kwa mwezi ya huduma ya mkoba wawabane wajumbe wao kabla kikao cha kupitisha mpango huo hakijafanyika, kwa sababu kisichoandikwa humo hakinunuliwi mwaka mzima.